Renjifainda haioni kupitia lenzi

Wapiga picha wengi wanaamini kwamba ukitaka kufokasi kwa mkono bila kukosea, lazima uwe na kamera ya renjifainda kama Leica M, na kwamba mirolesi (kamera za dijitali zisizo na kioo ndani) ni za wavivu wa otofokasi, yaani kuiacha kamera ifokasi yenyewe. Si kweli.

Renjifainda haikuonyeshi kile ambacho lenzi inakiona. Unachungulia kidirisha cha pembeni. Katikati kuna kiraka kidogo chenye taswira mbili, nawe unazungusha pete ya lenzi mpaka zilaliane. Ni kipimo cha umbali tu. Kwa lenzi pana ya mm 28 au 35 ni raha tupu, maana kwenye giza hata mstari wa ukosi wa shati unatosha. Ila kamera ikidondoka na kipimo kikasogea kidogo tu, taswira zitalaliana vizuri na picha itatoka na ukungu.

Mirolesi huonyesha kinachofika kwenye sensa yenyewe, kile kipande kinachonasa picha. Ikuze taswira mara 10, utahesabu kope. Kwa lenzi ya mm 90 iliyofunguliwa f/2, yaani tundu lake la mwanga likiwa wazi sana, mimi sibahatishi: nachukua mirolesi. Zile rangi ambazo mirolesi humeremetesha kwenye kingo za vitu kuonyesha palipo na fokasi, hata hivyo, usiziamini sana. Huwaka hata fokasi ikiwa haijakaa sawasawa.