Je, wajua kwa nini eafoni ileile inadunda sikioni kwa mwenzako, kwako haina besi?

Pita maduka ya simu kule Stendi Ndogo Arusha mida ya jioni, hukosi kuwakuta machalii wawili na eafoni moja ya Bluetooth. Mmoja kavaa, kichwa kinatikisika, anasema hii balaa ina besi hatari, anampa mwenzake, mwenzake anavaa kidogo tu anaivua, "aah mbona ya kawaida hii, haina kitu". Wimbo uleule, simu ileile, na masikio ya wote mazima. Sasa nani muongo? Hakuna. Kila mmoja kasikia sauti tofauti kabisa, na kilicholeta tofauti mara nyingi ni kile kimpira cha mbele ambacho wengi wetu hata hatujui kama kinabadilishwa.

Iko hivi. Ndani ya eafoni kuna kiwambo chembamba kimeshikana na koili ya waya, koili iko kwenye sumaku, umeme wa muziki ukipita koili inaenda mbele inarudi nyuma na kiwambo kinasukuma hewa. Hizi za bei nafuu kiwambo chake huwa kama milimita 10, zingine 13, sasa we angalia spika ya sabufa ya nyumbani ilivyo kubwa afu ujiulize hako kadude kanatoa wapi besi. Jibu ni kwamba hakana kazi ya kujaza sebule, kanajaza njia ya sikio tu ambayo urefu wake ni kama sentimita 2.5, na njia hiyo ikizibwa vizuri hata msukumo mdogo unaleta presha ya kutosha kwenye ngoma ya sikio.

Ila iwe imezibwa. Besi ni mawimbi ya taratibu, 50 Hz maana yake ni kwenda na kurudi mara 50 tu kwa sekunde, kwa hiyo kukiwa na upenyo hewa inapata muda wa kutoroka kabla presha haijapanda, kama pampu ya baiskeli ambayo kile kimpira cha ndani (washa) kimechakaa, unasukuma weee tairi halijai. Sauti za juu zinaenda haraka mno, upenyo mdogo hauzisumbui sana, ndo maana unabaki na tsi tsi tsi na sauti ya mwimbaji ila mdundo hakuna.

Jipime sasa hivi kama unazo hapo. Weka wimbo wenye besi, afu zisukume eafoni kwa kidole taratibu kuelekea ndani. Besi ikiruka ghafla, ujue vimpira vyako havikutoshi, eafoni haina kosa lolote. Rudi kwenye boksi, mle huwa kuna saizi zingine mbili tatu kwenye kale kamfuko ka nailoni ambako watu wanakatupa pamoja na karatasi ya maelezo. Na usishangae kulia ukavaa saizi ya kati na kushoto kubwa, matundu ya masikio ya mtu mmoja si lazima yalingane. Zile zisizo na vimpira kabisa, zinazoning'inia tu mlangoni mwa sikio, hizo kusema kweli ni bahati nasibu, umbo la sikio lako ndo linaamua na huna cha kubadilisha.

Kitu cha pili kinachodanganya watu dukani ni voliumu. Eafoni mbili kwenye simu moja, voliumu ileile, hazitoi sauti sawa, moja itakuwa juu kidogo, na ile ya juu kidogo ndo utaipenda. Hutasema "hii ina kelele zaidi", utasema "hii iko clear, ina besi". Sababu iko kwenye masikio yenyewe: watafiti wawili, Fletcher na Munson, walishaonesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa chini sikio linapoteza besi kuliko linavyopoteza sauti za kati, kwa hiyo ukipandisha voliumu kidogo besi inajitokeza bila eafoni kubadilika chochote. Wauzaji wengine wanalijua hili vizuri sana, angalia atakavyokujaribishia ile anayotaka kuiuza. Ukitaka kulinganisha kwa haki anza na mtu anayeongea, taarifa ya habari au mahubiri, panga voliumu mpaka zote mbili zisikike sawa, ndo uweke muziki.

Na bei je? Hapa patawauma wengine. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha kazi yenye vipimo vya hedifoni 283 za aina na bei mbalimbali, akaangalia kama bei inaendana na jinsi zinavyogawa sauti kuanzia besi mpaka juu. Hakukuta uhusiano. Haimaanishi hela inapotea bure, unalipia maiki, betri, ukimya wa kelele za nje, garantii, muonekano, jina pia. Ila mpangilio wa sauti wenyewe hauna gharama hiyo, hasa kwenye hizi za Bluetooth maana ndani zina chipu yenye ikwalaiza yake (ile ya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu), kampuni ikiamua kukaa chini na kupanga vizuri hata kiwambo cha bei rahisi kinatoka freshi.

Tatizo wengi wanapanga kwa ajili ya dukani. Wanajaza besi ili ukijaribu dakika moja useme wow, afu ukifika nyumbani Njiro huko unasikiliza mtangazaji wa mpira humwelewi, sauti imezama. Mi kwa upande wangu eafoni ambayo sauti ya mtu inasikika vizuri naichukua mbele ya yoyote yenye besi nene, besi naweza kuongeza kwenye ikwalaiza ya simu, ila sauti iliyofunikwa kuirekebisha ni kazi kweli. Singeli ndo kipimo kizuri cha hili, kwa ile spidi eafoni mbovu inachanganya kila kitu ikawa uji.

Kuhusu herufi za kwenye boksi, yaani kodeki, njia za kufinya muziki ili upite kwenye Bluetooth, sitakaa sana. SBC ni ya lazima kwa kila eafoni ya muziki ya Bluetooth, AAC ndo iPhone inayotumia, LDAC ya Sony inafika kilobiti 990 kwa sekunde, na kwa eafoni ya elfu ishirini usikonde nazo, kimpira kisichokaa kinaharibu zaidi ya kodeki yoyote. Ila kuna moja inawachanganya sana watu: unasikiliza muziki safi, unapigiwa au unarekodi voice note, ghafla kila kitu kinakuwa kibaya. Haijafa hiyo. Bluetooth ya kawaida ikiwasha maiki inahamia mfumo wa simu, sauti inakuwa ya upande mmoja badala ya stirio na inapunguzwa ubora ili njia itoshe kwenda na kurudi.

Nyingine ni ENC na ANC. ENC inasafisha kelele kwenye maiki ili unayeongea naye akusikie, wewe msikilizaji haikusaidii kitu. ANC ndo inayokupunguzia wewe ngurumo. Watu wananunua ENC afu wanapanda kifodi (daladala ndogo) cha Ngaramtoni wanashangaa injini bado wanaisikia! Na ngurumo ya injini iko chini kulekule kwenye besi, inaifunika, kwa hiyo eafoni uliyoisifia chumbani ndani ya gari inaonekana imekufa, unapandisha voliumu. Hapo angalia, Shirika la Afya Duniani linasema kwa desibeli 80 mwisho wa kusikiliza ni saa 40 kwa wiki, ukifika 90 zimebaki saa 4 tu.

Ikitokea baada ya miezi upande mmoja umeshuka sauti, usikimbilie kununua nyingine wala kumpelekea fundi. Toa kimpira, angalia kale kawavu kwa mwanga wa tochi, mara nyingi utakuta nta ya sikio imeziba. Igeuze wavu uangalie chini, sugua taratibu kwa mswaki mkavu ili uchafu udondoke nje usiingie ndani, bila maji na bila sindano. Halafu usivae kimpira kabla hujakipitishia sabuni na kikakauka, kwa sababu nacho huwa kimeziba vilevile.