Maana ya kusafisha udongo kwa vijidudu

Ni kuwaachia bakteria na kuvu waile kemikali iliyomwagika ardhini, pale pale ilipo, bila kuchimba udongo na kuupakia kwenye malori kwenda kuutupa kwingine.

Chukua uwanja wa gereji ya malori mjini Dodoma. Dizeli imedondoka hapo miaka nenda rudi, ardhi imekuwa nyeusi, majani hayaoti. Ndani ya udongo huo huo wamo bakteria, kama wale wa kundi la Pseudomonas, wanaoivunja dizeli ili wapate kaboni na nguvu. Mwishowe hubaki kaboni dioksidi, maji na miili yao wenyewe.

Mbona basi hawajaimaliza? Dizeli kwao ni ugali bila mboga: kaboni tele, naitrojeni na fosforasi hamna. Wataalamu hulenga takriban sehemu 100 za kaboni kwa 10 za naitrojeni na 1 ya fosforasi, na pengo hilo huzibwa kwa mbolea. Alaska mwaka 1989, meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta, fukwe zilinyunyiziwa mbolea ili kuwachochea bakteria waliokuwapo. Ndiyo maana sivutiwi sana na bakteria wa kununua kwenye chupa. Mara nyingi wageni hao hushindwa na wenyeji. Samadi pia husaidia, na huku kwetu kwa wafugaji haiadimiki.

Hewa nayo inahitajika, hasa udongo ukiwa umeshindiliwa na magurudumu. Hulimwa, au hupulizwa hewa kwa mabomba yaliyozamishwa.

Dodoma, hata hivyo, kikwazo kikubwa ni maji. Mvua ni ya Desemba hadi Aprili, basi. Kiangazi udongo hukauka, na bakteria hudorora hata ukiwawekea mbolea kiasi gani. Itabidi kumwagilia, tena kwa kipimo: maji yakizidi hufukuza hewa, na huweza kuisukuma kemikali chini kwenye maji ya visima, ambayo ndiyo tegemeo la mji huu.

Metali ni habari nyingine. Risasi, au zebaki ya wachenjuaji wadogo wa dhahabu, haivunjiki. Vijidudu huweza kuibadilisha umbo tu. Oili chafu ya injini ina mafuta mazito yanayochelewa kuliwa, na metali juu yake, kwa hiyo penye oili hiyo sampuli ya udongo ipimwe metali maabara kabla ya kumwaga mbolea yoyote.