Chumba cha uani bila kibali: ile miaka minne haipo tena

Malalamiko kuhusu vyumba vya uani yanazidi kufika kwenye idara yetu ya usimamizi wa mipango miji, na baadhi yanahusu nyumba za ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili. Wengi wao si wakaidi. Wamejenga kwa jasho lao, ili mama apate pa kufikia au ipatikane kodi kidogo ya kusaidia mkopo wa nyumba. Kinachowaponza ni maneno yanayosambazwa misibani na harusini: "Jenga, nyamaza, miaka minne ikipita kaunsili hawakufanyi kitu."

Hapa nazungumzia England. Wales na Uskoti zina taratibu zake. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2023, iliyoanza kutumika upande huu tarehe 25 Aprili 2024, muda wa halmashauri kuchukua hatua sasa ni miaka 10 kwa kila aina ya ukiukaji. Miaka minne imebaki kwa jengo lililokamilika kabla ya tarehe hiyo, au jengo lililokwisha kugeuzwa makazi ya familia moja kabla yake. Kupangisha chumba kimoja kimoja kwa watu wengi kulikuwa miaka 10 tangu zamani, ingawa hilo hakuna anayelitaja.

Na walioficha majengo yao hawakupona hata wakati wa miaka minne. Huko Salfords, Surrey, mkulima Robert Fidler alijenga nyumba mfano wa ngome akaizungushia marobota ya majani makavu, akahamia humo na familia yake mwaka 2002, kisha akayaondoa majani mwaka 2006 akiamini muda umetimia. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2010 kwamba majani yale yalikuwa sehemu ya ujenzi, hivyo ujenzi haukukamilika hadi yalipoondolewa. Nyumba ilibomolewa mwaka 2016. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu nayo ilimnyima kinga ya kupitwa na muda mtu wa Hertfordshire aliyepewa kibali cha ghala la nyasi akajenga nyumba ya kuishi ndani yake. Mwaka huohuo Bunge liliongeza kifungu kinachotuwezesha kwenda mahakama ya mahakimu, ndani ya miezi sita tangu tupate ushahidi wa kufichwa kwa jengo, tuombe amri inayotupa mwaka mzima wa kuchukua hatua hata kama muda wa kawaida umekwisha.

Nije kwenye kibali chenyewe. Nyumbani Tanzania tumezoea kibali kimoja cha ujenzi kutoka halmashauri. Huku kuna vitu viwili. Kibali cha mipango kinahusu kama jengo linaruhusiwa kuwepo pale na litumikeje. Idhini ya kanuni za ujenzi inahusu uimara, moto, umeme na joto. Mkaguzi wa ujenzi akikupa cheti, hajakupa kibali cha mipango. Nalirudia kwa sababu karibu kila anayekuja kulalamika hunionyesha cheti hicho.

Si kila kitu kinahitaji maombi. Nyumba, si fleti, ina haki fulani za kuongezwa bila kuomba: nyongeza ya nyuma isiyo na ghorofa juu, inayotokeza hadi mita 3, au mita 4 kama nyumba imesimama peke yake; nyongeza ya darini ya meta za ujazo 40 kwa nyumba zilizoungana kwa mstari na 50 kwa nyingine. Kibanda cha bustani nacho kinaruhusiwa, kisizidi kimo cha mita 2.5 kama kiko ndani ya mita 2 kutoka mpakani. Lakini kibanda hicho ni cha baiskeli, mazoezi, au dawati la kufanyia kazi. Ukiweka kitanda, jiko na bafu mtu akaishi humo, haki hiyo haikuhusu tena, hata kama vipimo ni sahihi kwa sentimita. Na halmashauri inaweza kuwa imeziondoa haki hizi mtaani kwenu. "Fundi aliniambia haihitaji" si utetezi. Notisi, yaani amri ya halmashauri ya kurekebisha ukiukaji, humfuata mwenye mali na anayeishi humo, fundi ameshalipwa na kuondoka.

Kujenga bila kibali, kwa kawaida, si jinai. Jengo la kihistoria lililosajiliwa ni habari nyingine. Jinai huanza pale unapokaidi notisi ya utekelezaji. Huku hatuchori alama ya X nyekundu ukutani. Inakuja barua, na pengine ndiyo maana watu wanaidharau. Notisi huchukua angalau siku 28 kabla ya kuanza kufanya kazi, na rufaa kwa Wakaguzi wa Mipango walioko Bristol lazima iwafikie kabla ya siku hiyo. Ikichelewa kwa siku moja haipokelewi, na mimi sina mamlaka ya kukuongezea muda. Ukikaidi, faini haina kikomo, na mahakama huangalia ulichoingiza. Inaweza pia kutaifisha mapato. Huko Bishop's Stortford uwanja wa klabu ya mpira uligeuzwa maegesho ya magari kinyume cha notisi. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ilibariki amri ya pauni 760,000, na hesabu ilitokana na fedha zote zilizoingia, si faida iliyobaki.

Linaulizwa pia swali la haki: serikali inataka nyumba milioni 1.5 zijengwe katika kipindi cha Bunge hili, mbona chumba changu kinavunjwa? Uhaba wa nyumba ni wa kweli, nami naona familia zinavyoteseka. Lakini kiwango cha taifa kwa makazi ya mtu mmoja ni meta za mraba 37 zikiwa na bafu la manyunyu. Vyumba tunavyofunguliwa mlango vingi havikaribii hapo. Vingine havina dirisha, na njia pekee ya kutokea moto ukiwaka inapita jikoni. Wanaolala humo mara nyingi ni wageni wetu wenyewe, waliofika juzi.

Kwa hiyo uliza kabla ya kununua tofali. Ada ya maombi ya kuongeza au kubadili nyumba yako ilipanda Aprili 2025 kutoka pauni 258 hadi 528, na uamuzi hutakiwa ndani ya wiki nane. Kama unaamini huhitaji kibali, omba cheti cha uhalali kwa nusu ya ada. Wakili wa mnunuzi atakidai siku utakapouza. Kuomba baada ya kujenga kunaruhusiwa, ila ukikataliwa, kwa kawaida hupati nafasi ya pili ya kudai kibali kilekile kwenye rufaa ya notisi.

Ikija barua ya maswali kutoka kwetu, una siku 21. Kutojibu ni kosa, na kujibu uongo ni kosa kubwa zaidi. Kama mpangaji aliingia mwaka jana, andika mwaka jana. Ukihitaji mtu wa kukusomea, tuambie kabla siku hizo hazijaisha.