Weusi wa shingoni si uchafu: mtoto wa kiume asiyecheza

Mama mmoja alimleta kliniki mwanawe wa miaka 12 kwa ajili ya shingo. "Nimemsugua kwa dodoki mpaka akalia, haitakati." Ngozi ya nyuma ya shingo ilikuwa nyeusi, nene kidogo, laini kama mahameli. Makwapani vilevile. Nikamwomba mtoto achuchumae, visigino vibaki chini, nione anavyoumudu mwili wake. Alishindwa, alisimamia vidole, akashika ukingo wa meza asianguke.

Weusi ule hausuguliki. Kwa mtoto mnene, mara nyingi ni ishara kwamba mwili umeacha kuiitikia vizuri insulini, homoni inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye misuli. Kongosho hulazimika kuitengeneza kwa wingi, na wingi huo huchochea ngozi kunenepa. Njia hiyo ndiyo inayoelekea kwenye kisukari cha aina ya 2, ugonjwa tuliozoea kuuona kwa watu wazima.

Wazazi wengi wa mjini humwachia mtoto wa kiume wakiamini huyo atacheza tu. Acheze wapi? Kiwanja cha chandimu kimejengwa fremu za maduka. Saa 11 alfajiri ameshaamka kusubiri basi la shule mlangoni, jioni yuko tuisheni, usiku ana simu. Ukimwuliza kama amecheza leo atasema ndiyo, na hadanganyi: amecheza mpira kwa vidole gumba viwili. Takwimu za nchi 146 zilizochambuliwa na Shirika la Afya Duniani zilionyesha kuwa mwaka 2016, wavulana 78 katika kila 100 wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia kiwango kinachoshauriwa, yaani saa moja ya kuutumikisha mwili kila siku.

Saa hiyo ina kazi kubwa. Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapoelemewa. Kuruka na kukimbia wakati wa balehe hujenga mifupa atakayoitegemea uzeeni.

Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya takribani vijiko 9 vya chai. Vinywaji vya enaji vina kafeini pia, na kafeini huiba usingizi. Mtoto havimfai kabisa. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 mpaka 12. Anayeamka saa 11 alfajiri, basi saa 2 usiku awe kitandani na simu ilale chumbani kwa wazazi.

Yule mtoto hatukumnyima chakula. Tulikubaliana na mama yake soda isubiri siku za shughuli, dukani atumwe kwa miguu, na jioni baba atoke naye wakapige danadana. Nyumbani waliacha pia kumwita "bonge". Naliomba hili kwa kila familia, maana mtoto anayechekwa akikimbia hatakimbia tena mbele ya watu.

Ukiona weusi wa namna hiyo shingoni kwa mwanao, weka dodoki chini, umlete apimwe sukari, presha na uzito. Akiwa na kiu isiyoisha, anaamka mara kwa mara usiku kukojoa na anakonda, usisubiri kesho. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.