Tathmini ya usalama ni nini? Karafuu mbili, kijiko kimoja

Tathmini ya usalama ni kazi ya kutafuta kiasi. Wengi hudhani ni kugawa vitu mafungu mawili, vyenye sumu huku na visivyo na sumu kule, kisha kupiga muhuri. Mafungu hayo hayapo. Chumvi iliyomo jikoni, mtoto mchanga akinyweshwa vijiko kadhaa, inaweza kumuua. Sumu ya nyoka, ikipimwa kwa uangalifu, imewahi kuwa mwanzo wa dawa.

Anayetathmini dawa mpya, kiungo kipya cha chakula au kemikali mpya ya shambani hutafuta majibu ya maswali manne. Kitu hiki kinadhuru nini mwilini? Kinaanza kudhuru kwa kiasi gani? Nani atakipata? Na atakipata kiasi gani, kwa muda gani? Mawili ya mwanzo yanahusu kitu chenyewe, yaani uwezo wake wa kudhuru. Mawili ya mwisho yanahusu watu, yaani uwezekano wa kudhurika. Papa aliyomo mkondo wa Pemba ana uwezo wa kudhuru, lakini aliyekaa barazani Wete hawezi kuumwa naye. Ubishi mwingi tunaousikia kuhusu "kemikali" hutokana na kuyachanganya mambo haya mawili.

Tuchukue kitu tunachokijua sote: karafuu. Punje moja kavu ina uzito wa takriban gramu 0.1. Asilimia 15 hivi ya uzito huo, na pengine zaidi, ni mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, ndiyo inayoipa karafuu harufu yake na ganzi yake kwenye ulimi. Kwa hesabu ya kukadiria, punje moja inabeba miligramu 12 za yujenoli. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani inayotathmini viungio vya chakula, ijulikanayo kwa kifupi JECFA, imeiwekea yujenoli kiwango kinachokubalika kwa siku: hadi miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili.

Mtu wa kilo 60, basi, ana nafasi ya miligramu 150 kwa siku, sawa na punje 12 zilizotafunwa na kumezwa zote. Anayekula pilau huziweka karafuu pembeni ya sahani, kwa hiyo anachopata ni kile tu kilichotoka kwenye punje kikaingia kwenye mchuzi. Hana la kuhofia. Mtoto wa kilo 10 nafasi yake ni miligramu 25. Hizo ni punje mbili.

Sasa iache punje, ushike kichupa cha mafuta ya karafuu, yale yanayotolewa kwa mvuke kutoka makonyo (vikonyo vya karafuu), majani au karafuu yenyewe. Mililita moja ina uzito unaozidi gramu moja kidogo, na ndani yake mna yujenoli ya miligramu 800 hivi. Kijiko cha chai ni mililita 5, yaani miligramu 4,000. Kwa mtoto yule yule wa kilo 10, hiyo ni miligramu 400 kwa kila kilo: mara 160 ya kiwango cha siku, kwa mkupuo mmoja. Majarida ya tiba yana taarifa za watoto wadogo waliomeza mililita 5 hadi 10. Walipoteza fahamu, wakapata degedege, damu ikashindwa kuganda na ini likaharibika ndani ya siku moja au mbili. Mti ni ule ule, na yujenoli ni ile ile.

Kwa nini kiasi kidogo kipite salama na kikubwa kiharibu? Ini hubadilisha yujenoli ili itoke mwilini, na katika kuibadilisha huzaliwa kitu kikali kinachong'ang'ania seli. Ini lina akiba ya kitu kiitwacho glutathayoni, ambacho hukishika kitu hicho na kukituliza. Akiba ikiwepo, mtu hahisi lolote. Ikiisha, kile kikali hugeukia seli za ini zenyewe. Panadol inadhuru kwa njia hiyo hiyo: mtu mzima mwenye afya hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na anayemeza zaidi ya miligramu 150 kwa kilo kwa mara moja yumo hatarini, hata kama siku ya kwanza anazungumza na kutembea kama kawaida. Mwili una kizingiti. Chini yake unajimudu, juu yake unazidiwa. Tathmini ya vitu vingi ni kazi ya kukitafuta kizingiti hicho kabla watu hawajakipata kwa bahati mbaya.

Hutafutwa kwa ngazi. Huanza maabara, kwa seli zilizooteshwa kwenye sahani na kwa bakteria maalumu wanaoonesha kama kitu kinabadilisha vinasaba. Kisha wanyama, aghalabu panya, wakigawanywa makundi: kundi lisilopewa kitu, na mengine matatu au zaidi yanayopewa kidogo, wastani na kingi. Majaribio ya saratani kwa panya huchukua miaka miwili, ambayo ni karibu umri wao wote. Mwisho wanachinjwa na kila kiungo kinapimwa na kutazamwa kwa darubini. Kiasi cha juu kabisa ambacho hakikuonesha madhara ndicho kinachochukuliwa mbele.

Lakini binadamu si panya, na binadamu wenyewe hawafanani. Kwa hiyo kiasi kile hugawanywa kwa 100: kumi kwa ajili ya tofauti ya mnyama na mtu, kumi nyingine kwa ajili ya tofauti ya mtu na mtu. Aspatemu, sukari ya bandia iliyomo kwenye soda zinazoandikwa "bila sukari", ilipita hivi. Miligramu 4,000 kwa kilo kwa siku hazikuwadhuru panya. Gawanya kwa 100, unapata 40, na ndicho kiwango cha JECFA tangu 1981, kilichothibitishwa tena 2023. Kopo moja la soda ya aina hiyo huweza kuwa na miligramu 200 hadi 300. Mtu wa kilo 70 atahitaji zaidi ya makopo tisa kwa siku kukivuka kiwango. Mtoto wa kilo 15 atakifikia au kukivuka akimaliza kopo la tatu. Mzazi anayesoma "salama" kwenye lebo asiache kumpima mtoto wake kwenye mizani.

Mambo mawili kuhusu kiwango cha siku hukosewa sana. La kwanza, ni kiwango cha kila siku kwa umri mzima. Kukivuka siku moja ya sikukuu si kula sumu. Kukivuka kila siku ni kuila ile nafasi ya usalama iliyowekwa makusudi. La pili, hakiwahusu watoto wachanga wa chini ya wiki 12. Ini na figo zao bado hazijakomaa, hivyo lile kumi la tofauti ya mtu na mtu haliwatoshi. Ndiyo maana kupaka ufizi wa mtoto mchanga mafuta ya karafuu, au kumpa tone la dawa ya kikohozi ya mkubwa wake, ni jambo ambalo hakuna namba iliyowahi kulihalalisha.

Viko vitu visivyo na kizingiti kinachojulikana, na kwa hivyo kugawanya kwa 100 hakusaidii. Risasi, yaani madini ya ledi, ni mfano mkubwa. JECFA ilikuwa na kiwango chake cha wiki, ikakifuta 2010, kwa kuwa ilionekana akili ya mtoto huathirika hata kwa kiasi kile kilichodhaniwa ni kidogo. Hapa Visiwani jambo hili linatugusa machoni kabisa. Kile kijiwe cheusi chenye kung'aa, kinachosagwa kikawa wanja wa manga, mara nyingi ni jiwe la risasi. Vipimo vilivyofanywa nchi mbalimbali vimekuta baadhi ya wanja ambao zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Mtoto akitiwa, hufikicha macho, kisha vidole vinakwenda mdomoni, na tumbo la mtoto hufyonza risasi kwa wingi kuliko la mtu mzima. Kwa macho na kwa mkono huwezi kuutofautisha na wanja wa masizi. Kwa mtoto, wa manga usitumike kabisa. Hapa hakuna "kidogo tu".

Sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga, yaani aflatoksini, sumu inayotengenezwa na ukungu, nayo hubadilisha vinasaba, kwa hiyo haikuwekewa kiwango kinachokubalika kwa siku. Kilichowekwa ni ukomo wa biashara: viwango vya Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla ya aina zote za aflatoksini, na 5 kwa ile kali zaidi, B1. Ukomo huo una maana ya "punguza kadiri inavyowezekana". Swali la "kwa nani" linajitokeza hapa waziwazi: kwa mwenye homa ya ini ya aina B, JECFA ilikadiria nguvu ya sumukuvu kusababisha saratani ya ini kuwa mara 30 ya ile kwa asiye nayo. Unga ule ule, watu wawili, hatari mbili. Kuupika hakuiondoi sumu hiyo. Kinachosaidia ni kukausha vizuri, kuhifadhi pakavu, na kuchambua punje zilizooza, zilizosinyaa na zenye ukungu kabla ya kusaga.

Na kuna pale ambapo tathmini haiwezekani. Machi 2024, Kisiwa Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine wengi wakalazwa. Sumu yenyewe haijatambuliwa, nyama haibadiliki rangi wala harufu, moto hauivunji, dawa ya kuiondoa haipo, na mama anayenyonyesha aweza kumfikishia mwanawe. Kasa mmoja aliwe asidhuru mtu, wa pili aue. Ambapo kiasi hakipimiki, jibu la mtathmini ni moja: kisiliwe. Uasili wa kitu haukuwa kinga kwa yeyote siku ile.

Dawa zina mizani yake. Kiungio cha chakula kinatakiwa kisidhuru kabisa, maana anayekila hakukihitaji. Dawa huruhusiwa kudhuru kidogo ikiwa inaponya kikubwa. Dawa ya saratani inayokatisha nywele hupita. Dawa ya mafua yenye athari hiyo haipiti. Baada ya wanyama, dawa hujaribiwa kwanza kwa watu wenye afya, 20 hadi 100, kisha wagonjwa mamia kadhaa, kisha hadi elfu kadhaa. Hata hapo kazi haijaisha, na sababu ni ya hesabu tu. Ukiwajaribu watu 3,000 na athari fulani isitokee hata mara moja, unachoweza kusema kwa uhakika wa kuridhisha ni kwamba haizidi mtu mmoja kati ya 1,000. Athari inayompata mmoja kati ya 10,000 huenda isionekane hadi dawa iingie madukani. Wanyama nao huweza kupotosha. Thalidomaidi, iliyoanza kuuzwa Ujerumani 1957, haikuonesha ulemavu kwa watoto wa panya, ikaja kuzaa watoto zaidi ya 10,000 wenye ulemavu kabla haijaondolewa. Sungura ndio walioonesha, baadaye. Marekani iliepuka sehemu kubwa ya msiba huo kwa sababu Frances Kelsey, mtathmini wa mamlaka ya dawa ya nchi hiyo aliyekabidhiwa jalada la dawa hiyo 1960, alikataa kuiidhinisha akidai ushahidi zaidi.

Jambo jingine husahaulika: kinachotathminiwa ni bidhaa nzima. Mwaka 1937 huko Marekani dawa nzuri ya salfa, ya kuua bakteria, iliyeyushwa katika daiethilini glaikoli ili iwe ya maji. Salfa ilijulikana, kiyeyusho hakuna aliyekipima. Walikufa zaidi ya watu 100. Kiyeyusho hicho hicho na ndugu yake, ethilini glaikoli, vilikutwa 2022 katika dawa za maji za watoto nchini Gambia, na zaidi ya watoto 60 walifariki kwa figo kushindwa kufanya kazi. Huingia kwa sababu hufanana na gliserini na propilini glaikoli halali, ni bei nafuu, na kiwanda kikinunua pipa bila kulipima hakitajua. Ukomo wa uchafu huo ni asilimia 0.1 tu.

Zanzibar kazi ya kusajili na kukagua dawa na chakula ni ya Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA), chini ya Sheria namba 2 ya 2006. Ila Wakala haumoni aliyeumwa nyumbani. Taarifa ya athari ya dawa huwa na maana ikiwa na vitu hivi: jina la dawa, namba ya toleo iliyopigwa kwenye kisanduku au chupa, kiasi alichotumia na mara ngapi, saa aliyoanza na saa alipoanza kuumwa, umri na uzito wake, na dawa nyingine pamoja na miti shamba aliyokuwa akitumia. Namba ya toleo ndiyo inayopotea zaidi, maana kisanduku hutupwa siku ya kwanza. Kiweke mpaka dozi iishe.

Na kile kichupa cha mafuta ya karafuu, kifungwe na kiwekwe juu, mbali na mkono wa mtoto. Akikinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa ukidhani yatazima, kwani mafuta yakirudi juu yanaweza kuingia mapafuni. Mpeleke spitali wakati huo huo, hata kama anacheza, ukiwa na kichupa chenyewe ili daktari akadirie kilichopungua. Mwambie saa aliyokunywa na uzito wa mtoto. Asetilisisteini, dawa inayorudisha akiba ya glutathayoni kwa aliyezidisha panadol, imetumika pia kwa mafuta ya karafuu, nayo hufaa zaidi ikiwahi, kabla ini halijaanza kuharibika.