Uyoga wa porini: "nimeonja kidogo sijaumwa" sio kipimo

Mvua ikianza tu, Machi na tena Septemba, simu yangu inajaa picha za uyoga. Mimi kazi yangu ni kufundisha watu kulima uyoga wa oysta kwenye maganda ya mbegu za pamba, basi watu wanaona najua kila kitu chenye kofia na wananiuliza, na kuuliza ni vizuri, ulizeni tu. Kinachonichosha ni yale maneno yanayokuja chini ya picha, wiki iliyopita nimeyapata mara tatu, mara ya mwisho kwa kijana wa Jinja, Uganda, aliyeenda kutembea msitu wa Mabira na wenzake: "mwalimu, nimeonja kipande jana jioni, nikasubiri saa nzima, tumbo liko sawa, leo tunapikia wote."

Jamani hapana! Hiyo saa nzima haikuambii chochote. Sumu mbaya kuliko zote za uyoga, amatoksini, haina uchungu, haichomi ulimi, na waliowahi kuila wakapona wengi wao wanasema chakula kilikuwa kitamu. Unakula usiku, unaoga, unalala vizuri kabisa, halafu baada ya masaa 6 mpaka 12, wengine hata 24, ndio unaanza kutapika na kuharisha maji, na muda wote huo sumu ilikuwa inafanya kazi ndani, imeshafika kwenye ini na seli za ini zinashindwa kutengeneza protini zake. Halafu kuna kitu kinachonitia hofu zaidi ya kuharisha. Siku ya pili mgonjwa anapata nafuu, anaomba chai, anakaa nje kwenye mkeka, familia wanamshukuru Mungu na wanamtoa kliniki. Siku ya tatu au ya nne macho yanageuka njano, ini limeharibika, na kupandikizwa ini sio kitu utakachokipata hapa kwetu wiki hiyo hiyo. Kofia moja ya Amanita phalloides, uyoga wenye sumu hii, inatosha kumuua mtu mzima. Asili yake Ulaya lakini Afrika Kusini ulishafika zamani pamoja na miche ya mialoni, kwa hiyo msiniambie hayo ni mambo ya wazungu, miti ikisafiri na fangasi za mizizi yake zinasafiri nayo.

Sasa angalia hicho kipimo chako cha kuonja kinakamata nini. Kinakamata uyoga wa sumu ya tumbo ya haraka, kama Chlorophyllum, ambao unakutapisha vibaya ndani ya saa moja mpaka tatu lakini mtu mzima mwenye afya kwa kawaida anapona. Ule unaoua unapita hapo bila kukugusa. Na tena kikapu chenyewe mara nyingi kina aina tatu zimechanganyika, wewe umeonja mmoja, hiyo mingine nani ameionja?

Mengine nitayapitia haraka kwa sababu nimeyajibu mpaka nimechoka. Eti ukichemsha ukamwaga maji sumu inatoka: amatoksini haiogopi moto, kuchemsha, kukaanga, kukausha juani, inabaki vile vile, na binyebwa (karanga) nayo haiondoi kitu. Eti kitunguu au kijiko cha fedha kikigeuka cheusi ndio kuna sumu: hakuna sumu ya uyoga inayofanya hivyo, achana nayo kabisa. Eti konokono wamekula, mbuzi amekula: konokono anakula uyoga unaoua watu na kesho yake yuko pale pale anatambaa, tumbo lake sio lako. Maziwa baada ya kula pia hayazimi sumu, yanakupotezea tu muda wa kufika hospitali.

Ile ya kichuguu, eti uyoga ukiota kwenye kichuguu ni salama, nitaisema kidogo zaidi kwa sababu ina ukweli ndani yake na wazee wetu hawakuwa wajinga. Termitomyces, uyoga wa mchwa unaoliwa, kweli unaota kwa mchwa, mchwa wenyewe ndio wanaulima huko chini, na mpaka leo hatujaweza kuulima kibiashara kama oysta ndio maana unatafutwa hivyo. Ukichimba taratibu utaona shina linaendelea kama mzizi mrefu kushuka kwenye bustani ya mchwa, na kofia ina kinundu katikati. Bubaala, wale Termitomyces wadogo, ndio hawana huo mzizi mrefu, wanatoka wengi pamoja kama mtu amemwaga mchele. Lakini uyoga wowote unaweza kuota pembeni ya kichuguu! Chlorophyllum mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia unapenda nyasi, na kichuguu cha zamani kimezungukwa na nyasi. Kuwa kwenye kichuguu peke yake hakutoshi, chimba uone chini, na ukikuta shina limekaa ndani ya kitu kama kikombe au kifuko usiule, hivyo ndivyo Amanita nyingi zilivyo. Ukiung'oa kwa kuvuta juu hicho kikombe kinabaki ardhini na umepoteza alama muhimu kuliko zote.

Nikiwa na mwanafunzi mpya namwambia mwaka wa kwanza usile, chora spora tu, yaani uache kofia idondoshe unga wa spora, mbegu zake, kwenye karatasi uone rangi. Kata kofia, ilaze kwenye karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, funika na bakuli usiku kucha. Termitomyces inaacha unga wa rangi ya waridi iliyofifia, Chlorophyllum molybdites unaacha wa kijani hata kama chini ya kofia bado kunaonekana kweupe, Amanita mweupe. Unga peke yake hauruhusu kula, ila utakuzuia mara nyingi, na baada ya msimu mmoja macho yako yatakuwa tofauti kabisa.

Yule kijana nilimwambia amwage sufuria na aende hospitali siku ile ile, tumbo likiwa bado zuri, awaambie alikula saa ngapi. Nikamwambia abebe na uyoga uliobaki, mzima na udongo wake, kwenye karatasi, sio kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), kwa sababu kwenye kaveera unaoza na mpaka ufike hakuna atakayeutambua.