Mafuta Kwenye Mshipa Mkuu wa Damu: Yanayosemwa Mtaani na Yaliyo Kweli

Mtu anakwenda kupiga eksirei kwa sababu ya kikohozi, anarudi na karatasi yenye mstari ambao hakuutarajia: ukuta wa aota umeonekana na chokaa. Kabla hajamwona daktari tena, majirani wameshampa majibu. Mengi ya majibu hayo si sahihi, na mengine yana hatari.

Aota ndiyo mshipa mkuu wa damu, na chokaa hiyo ni alama ya mafuta yaliyojijenga kwenye ukuta wake. Unatoka kwenye moyo, unapinda juu ya kifua, kisha unashuka mbele ya uti wa mgongo hadi karibu na usawa wa kitovu, ambako unagawanyika kuelekea miguuni.

"Ni uchafu tu, kunywa limau na kitunguu saumu utasafika."

Hii ndiyo dhana inayoniumiza zaidi, kwa sababu watu huacha dawa kwa ajili yake. Mafuta haya hayajaganda juu ya ukuta kama kutu ndani ya bomba. Yamo ndani ya ukuta wenyewe. Lehemu (kolesteroli) mbaya, ile inayoandikwa LDL kwenye majibu ya maabara, hupenya chini ya utando laini wa ndani. Seli za kinga huja kuimeza, zikashiba mafuta na kufia humohumo, na mwili hujaribu kuponya jeraha kwa kujenga kovu na kuweka chokaa. Limau huishia tumboni, haliendi kukwangua kitu huko. Hata dripu zinazouzwa kwa jina la kusafisha mishipa zimepimwa: utafiti mkubwa uliochapishwa 2024, kwa wagonjwa wa kisukari waliowahi kupata shambulio la moyo, haukuona kwamba zinawakinga.

Kinachowezekana ni kuutuliza ugonjwa. LDL ikishushwa vya kutosha, uvimbe huo wa mafuta ukutani huacha kukua, mafuta ya ndani hupungua na kifuniko chake huwa imara. Kazi hiyo hufanywa na statini, dawa zilizotokana na ugunduzi wa Mjapani Akira Endo aliyekuwa akichunguza kuvu mwaka 1973. Kwa mtu ambaye tayari ana ugonjwa huu, madaktari wengi hulenga LDL chini ya 1.8 mmol/L. Chokaa inaweza kubaki palepale, hata kuongezeka kidogo, na hiyo si dalili kwamba dawa imeshindwa.

"Siumwi popote, basi niko salama."

Aota ni pana, kipenyo chake ni kama sentimita 2 hadi 3, kwa hiyo damu huendelea kupita na mtu hasikii lolote. Hatari iko kwenye uvimbe huo wa mafuta kupasuka. Kipande kikimeguka kwenye upinde wa kifuani huweza kwenda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Kikimeguka chini huenda kwenye figo au vidole vya miguu. Ukuta uliochoka huweza pia kutanuka, hasa tumboni. Albert Einstein alifariki 1955 baada ya aota iliyotanuka hivyo kupasuka. Ultrasaundi ya tumbo huuona mtanuko huo bila maumivu, na Marekani wanaume wa miaka 65 hadi 75 waliowahi kuvuta sigara hushauriwa kuipima mara moja. Hapa kwetu, mzee wa umri huo aliyevuta sigara amwulize daktari wake.

"Ni ugonjwa wa wanene wa siku hizi."

Mwaka 2013 watafiti walichapisha picha za maiti 137 za kale zilizokaushwa, kutoka Misri, Peru na kwingineko. Theluthi moja zilikuwa na dalili za ugonjwa huu. Mwembamba mwenye presha, kisukari au pakiti ya sigara mfukoni yumo.

"Chokaa imetokana na maziwa na dagaa." Hapana. Endelea kuvila.

"Dumu limeandikwa halina lehemu, nipike nitakavyo."

Maandishi ni ya kweli, ila hayatoshi. Mafuta ya nazi na mawese hayana lehemu, lakini yana mafuta mazito yanayopandisha LDL kwenye damu. Sisemi tuache wali wa nazi. Usiwe wa kila siku, na kikaangoni tumia alizeti, kwa kiasi.

"Vipimo vimekuwa vizuri, naacha vidonge."

Vimekuwa vizuri kwa sababu ya vidonge. Misuli ikiuma, mwambie daktari abadili dozi au aina. Presha nayo vilevile: kushuka kwake si ruhusa ya kuacha. Aspirini usijianzishie mwenyewe kwa kuambiwa inalainisha damu, kwani huweza kutoboa tumbo na kuvujisha damu.

Maumivu makali ya ghafla kifuani, mgongoni au tumboni, mdomo kupinda, mkono kulegea au mguu kupoa na kubadilika rangi: nenda hospitali saa hiyohiyo.